Nani aongoze mpango wa lishe ya wazee mtaani: mtaalamu, serikali, nyumba ya ibada au wazee wenyewe?

#1 BintiWaShauriMoyo

Hamjambo wanajukwaa. Kwa miezi tisa nilikuwa katibu wa mpango wa chakula cha mchana cha wazee katika ukumbi mmoja wa mtaa huku Eastlands, Nairobi. Tulianza na wazee 62 walioandikwa majina, siku tatu kwa wiki, chakula kikitoka kwa mfadhili na mazoezi mepesi yakifuata kwa nusu saa. Kufikia mwezi wa tisa walikuwa wakija wazee 11. Fedha hazikuibwa wala chakula hakikuisha. Maharagwe yalibaki stoo hadi yakaingiwa na fukusi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wakati huo huo, hatua mia mbili kutoka hapo, kulikuwa na wazee waliolala na chai ya rangi.

Mimi naona kosa lilikuwa katika uongozi. Tulimchagua mwenyekiti kwa sababu alijua kuandika ripoti za mfadhili, na ripoti zikawa nzuri kweli, zikihesabu sahani zilizotolewa kila wiki. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kumlisha mzee, au kama anaweza kumtofautisha mzee asiye na hamu ya kula na mzee asiye na meno. Sasa amejitokeza mfadhili mwingine anayetaka kuanza upya katika ukumbi ule ule, na ameniuliza nani aongoze. Nimepewa wiki mbili. Je, awe mtaalamu wa lishe, ofisa wa ustawi wa jamii, mtu wa kanisa au msikiti, au wazee wenyewe? Naomba mnijibu kwa mifano.

#2 FundiMstaafu_Jericho

Salamu, binti yangu. Nina umri wa miaka 73 na niliwahi kula katika mpango wa namna hiyo, ingawa si wenu, kwa muda wa wiki sita, kisha nikaacha. Tulipangwa foleni nje ya ukumbi, kila mmoja na sahani ya plastiki ya rangi ya chungwa ili wasimamizi watutambue, na foleni ilipita mbele ya stendi ya bodaboda. Pale walikuwapo vijana niliowafundisha useremala. Hakuna aliyenicheka, ila waliacha kuniamkia, nadhani ili wasinitie haya, nami nikajua kwamba kuna kitu kimebadilika kati yetu. Kisha kila Ijumaa alikuja mtu na kamera akatuomba tuinue vijiko. Mtu aliyelisha nyumba yake kwa miaka arobaini hawezi kuinua kijiko mbele ya kamera kila Ijumaa. Kabla ya kuuliza nani aongoze, uliza wazee wenu walikuwa wakiingiaje mlangoni.

#3 Lishe_Dagoretti

Asante kwa uzi huu. Mimi ni mtaalamu wa lishe niliyesajiliwa, na kazi yangu iko katika kituo cha afya cha umma. Nayaheshimu maneno ya Mzee Fundi, lakini naomba tuanze na kilichokuwa ndani ya sahani. Katika mipango mingi niliyoitembelea, ni githeri (mahindi na maharagwe) Jumatatu, wali na maharagwe Jumatano, ugali na sukuma wiki Ijumaa, kana kwamba tunawalisha vibarua wa mjengo. Mzee hula kidogo kwa sababu mwili wake unatumia nguvu kidogo, lakini mahitaji yake ya protini hayapungui. Wataalamu wengi sasa wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ilhali kiwango kilichozoeleka kwa mtu mzima ni gramu 0.8. Basi cucu (bibi mzee) wa kilo 55 anahitaji gramu 55 hadi 66 kila siku. Yai moja lina takriban gramu 6, na glasi ya maziwa ina takriban gramu 8, kwa hiyo mnaona jinsi uji mtupu unavyomwacha mbali. Asipopata kiasi hicho, misuli ya mapaja inapungua polepole, na siku moja anashindwa kuinuka kitandani bila kushika ukuta, anaanguka, nyonga inavunjika, na familia inasema ni uzee.

Ongezeni hapo meno. Ongezeni chai ya majani inayonywewa pamoja na chakula, ambayo hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa na mwili. Ongezeni vitamini B12, ambayo tumbo la wazee wengi huitoa kwenye chakula kwa shida, na ambayo dawa ya kisukari iitwayo metformin huweza kuipunguza zaidi ikitumiwa kwa miaka. Kiu nayo hufifia na umri, hivi kwamba mzee hukaukiwa na maji bila kuhisi. Chumvi, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, isifike gramu 5 kwa siku, lakini mchuzi wa ukumbini hukolezwa kwa ulimi wa mpishi wa miaka thelathini. Moyo mzuri peke yake hauwezi kuyasimamia haya. Tuna Sheria ya Wataalamu wa Lishe ya mwaka 2007 na taasisi iliyoundwa na sheria hiyo kuwasajili wenye ujuzi. Jibu langu ni kwamba mtaalamu wa lishe aongoze.

#4 KaraniWaKata

Nakubaliana na mtaalamu kuhusu sahani, lakini uongozi unaanzia kwenye sheria. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima, na wanapata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Tatizo ni mgawanyo wa kazi. Afya ya msingi ni ya kaunti, na kwa hiyo mtaalamu wa lishe wa zahanati ana mkubwa wake City Hall, makao ya kaunti. Fedha za Inua Jamii, malipo ya kila mwezi kwa wazee na wengine wasiojiweza, ni za serikali ya kitaifa, na kwa hiyo ofisa wa ustawi wa jamii ana mkubwa wake wizarani. Nimeketi katika mkutano ambamo hawa wawili walikaa meza moja, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme kwamba lishe ya wazee ni yake, na mkutano ukafungwa kwa maombi. Kila mzee aliyefikisha miaka 60 tayari anapokea fedha. Ofisi inayomlipa ndiyo yenye orodha, na mwenye orodha ndiye anayepaswa kuongoza.

#5 MleziWaMama

Naomba kumrekebisha Karani. Miaka 60 ndiyo inayotajwa katika Kifungu cha 260 cha Katiba katika kueleza mzee ni nani, lakini Inua Jamii hulipa waliofikisha miaka 70. Mpango huo wa miaka 70 ulianza 2018. Ule uliotangulia, ulioanza kwa majaribio mwaka wa fedha wa 2006/2007, ulilenga kaya maskini zenye mzee wa miaka 65 au zaidi. Kwa hiyo kuna miaka kumi kamili ambamo mtu ni mzee kwa Katiba na si mzee kwa malipo, na katika mtaa wetu wa Kariobangi hiyo ndiyo miaka ambayo watu huachishwa kazi za mikono na kuanza kuruka mlo wa mchana.

Najua kwa sababu mimi ndiye mlezi aliyeandikishwa pamoja na mama yangu, mwenye miaka 76. Anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara nyingine huja za miezi miwili kwa pamoja, mara nyingine zinachelewa na anakopa kwa mama mboga. Siku ya malipo hulipa deni kwanza, kisha hununua unga na mafuta; mayai hununua mara moja, na wajukuu ndio wanaoyala. Binti, tazama daftari lako la mahudhurio uniambie kama wazee walipungua wiki za malipo. Nadhani mliwapoteza kidogo kidogo kwa sababu hakuna aliyepanga ratiba yenu kwa kufuata maisha yao.

#6 KaraniWaKata

Nimekosea kuhusu miaka, nashukuru kwa kurekebishwa. Hoja ya orodha bado nasimama nayo.

#7 FundiMstaafu_Jericho

Karani amekubali kosa kabla ya saa moja kupita. Nimemwambia mke wangu, naye anakupa heko.

#8 MhudumuWaMathare

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban laki moja waliozinduliwa nchini Septemba 2023 na kupewa mikoba ya vifaa. Nina karibu kaya mia moja, na nimeusoma uzi huu wote nikijiuliza kwa nini kila mtu anazungumza juu ya ukumbi. Wazee walio katika hali mbaya zaidi katika eneo langu hawawezi kufika ukumbini. Mmoja anaishi ghorofa ya nne ambako maji hupandishwa kwa mtungi, na ngazi hazina mahali pa kushika. Mwingine haachi nyumba yake mchana kwa sababu mlango hauna komeo. Mpango wa ukumbini huwapata wenye miguu, kisha tunaandika kwamba tumewafikia wazee.

Jambo la pili ni gumu kulisema hadharani. Wazee wengi wanalea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki au wamekwenda kutafuta kazi. Mzee kama huyo akipewa sahani ya wali, anaila nusu, kisha anaifunga nusu iliyobaki kwenye mfuko na kuibeba nyumbani. Mimi nimemwona nyanya akitoka na sahani nzima bila kuonja, akisema ameshiba. Katika ripoti ya mwenyekiti wenu, sahani hiyo ilihesabiwa kuwa imeliwa na mzee, kumbe imeliwa na watoto watatu. Dada mtaalamu anaweza kupima gramu za protini kwa uangalifu mkubwa na bado zisifike kwenye mapaja ya nyanya.

Na kwako Binti, neno lako kwamba wazee 51 "waliacha" silikubali mpaka mtu awatembelee. Je, mliwatafuta? Wengine watakuwa wamefariki. Wengine watakuwa wamerudi ushago, kijijini kwao. Kiongozi wa mpango wa wazee ni yule anayejua leo asubuhi nani hakuja na kwa nini.

#9 BintiWaShauriMoyo

Hatukuwatafuta. Swali hilo limenichoma kwa haki. Nina daftari la majina na namba za simu. Nipeni siku chache.

#10 MkenyaWaWorcester

Salamu kutoka Massachusetts. Niliwahi kufanya kazi ya kupakua chakula katika ukumbi wa wazee huku, na nadhani mpangilio wao una jambo la kutufaa. Marekani ilipitisha sheria ya wazee mwaka 1965, na mwaka 1972 ikaongeza ndani yake mpango wa kitaifa wa chakula kwa waliofikisha miaka 60. Una mikono miwili: chakula cha pamoja ukumbini, na chakula kinachopelekwa nyumbani kwa wasioweza kutoka. Kwa hiyo jambo alilolisema Mhudumu kuhusu ghorofa ya nne limeandikwa ndani ya sheria, halitegemei huruma ya msimamizi. Mzee anaweza kula pamoja na mwenzi wake wa ndoa hata kama huyo hajafika miaka 60. Mlo mmoja unatakiwa kubeba angalau theluthi moja ya virutubisho vinavyopendekezwa kwa siku. Hakuna anayetozwa, anayeweza kuchangia huchangia, na asiyeweza anakula sawa na wenzake.

Kinachohusu swali la uongozi ni hiki. Sheria inawataka wanaopika watafute ushauri wa mtaalamu wa lishe na pia ushauri wa wanaokula. Wote wawili wametajwa. Katika ukumbi wangu wazee walikataa samaki wa kukaangwa wa Ijumaa kwa sababu alifika amelowa, na baada ya mwezi mmoja akabadilishwa. Sijawahi kuona hilo likitendeka katika mpango wowote wa nyumbani, na hatuhitaji fedha za Marekani ili kumuuliza mzee anachotaka kula. Wao ndio waanzilishi wa wazo hili la kupeleka chakula nyumbani, tangu Philadelphia mwaka 1954.

#11 MsomajiWaKawangware

Asante kwa maelezo hayo, ila Philadelphia ilikuwa ya kwanza kwa Marekani tu. Uingereza ilikuwa ikipeleka chakula cha moto majumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kazi ikifanywa na wanawake wa kujitolea. Nalitaja hili kwa sababu linahusu mada: waliongoza wanawake wa mtaa, na sheria na wataalamu wakaja kuikuta kazi ikiendelea.

#12 FundiMstaafu_Jericho

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Wazee wenyewe waongoze. Tuna walimu wastaafu, wauguzi wastaafu, makarani wa reli, akina mama waliopika katika kantini za viwandani kwa miaka thelathini. Nikiwa katika kamati ninayoiamini, nitabeba sahani ya rangi yoyote, kwa sababu itakuwa sahani yangu. Kifungu alichokinukuu Karani kinaanza na kushiriki, kabla ya kufika kwenye msaada. Sisi tumepewa msaada na kunyimwa kushiriki.

#13 MjukuuWaGuka

Mzee wangu, naomba nisikike bila kuonekana nimekosa adabu. Guka (babu) yangu alikuwa katika kikundi cha wazee kilichojiongoza chenyewe, na kwa mwaka wa kwanza kilikuwa fahari ya mtaa. Mwaka wa pili mwenyekiti alianza kuandikisha jamaa zake, kisha jamaa za jamaa zake, na lugha ya mikutano ikawa moja tu, hata wajane wawili kutoka upande mwingine wa nchi wakawa wanakaa bila kuelewa kinachojadiliwa. Hakuna kijana aliyethubutu kumkosoa, kwa sababu angekemewa kwamba anawakosea wakubwa heshima. Umri wake ulikuwa ngao yake. Guka alirudi nyumbani siku moja akasema njaa ya nyumbani ina amani, na hakwenda tena.

Wazee wanaweza kuongoza, lakini kwa zamu fupi, tuseme miezi sita, na daftari la stoo lisishikwe na anayeshika ufunguo. Na mikutano iwe kwa Kiswahili, kwa sababu katika jiji hili ndiyo lugha ambayo hakuna mzee anayeweza kudai ni ya nyumba yake peke yake.

#14 BibiWaMajengo

Sisi Waswahili wa Pumwani tunaweza kudai, mwanangu, lakini tumeshawagawia wote.

#15 Lishe_Dagoretti

Nimesoma bandiko la Mhudumu mara tatu. Hoja ya wajukuu imenirekebisha, kwa sababu nilikuwa nikihesabu kinachotoka jikoni kama mwenyekiti yule yule ambaye Binti anamlalamikia. Sijaacha msimamo wangu kwamba ujuzi unahitajika, ila naona sasa kwamba kinachohitaji ujuzi zaidi ni kupima.

Upo utaratibu wa maswali sita kwa wazee ambao mtu yeyote makini anaweza kufunzwa. Unauliza kama amepunguza kula katika miezi mitatu iliyopita kwa kukosa hamu au kwa shida ya kutafuna na kumeza. Kama amepungua uzito. Kama anatoka nje. Kama amepata ugonjwa au mshtuko mkubwa. Kama kumbukumbu au huzuni inamsumbua. Kisha uzito kwa urefu wake. Asipoweza kusimama wima ili apimwe urefu, unapima mzingo wa shavu la mguu kwa utepe wa fundi cherehani: chini ya sentimita 31 ni ishara ya hatari. Kila jibu lina alama zake, na jumla ya juu kabisa ni 14. Aliye na 12 au zaidi yuko salama, 8 hadi 11 yuko katika hatari, 7 kushuka tayari ana utapiamlo. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, rudieni baada ya miezi mitatu, na ripoti ya mfadhili iwe hiyo badala ya idadi ya sahani. Tambueni pia kwamba maswali mawili kati ya hayo sita, la kutoka nje na la huzuni, hayahusu chakula moja kwa moja.

#16 KochaWaJioni

Mwisho wa bandiko la dada mtaalamu ndio mwanzo wa langu. Mnazungumza kana kwamba mazoezi ni mapambo ya nusu saa baada ya wali. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki, na protini bila mazoezi haijengi misuli ya kutosha. Kuinuka kwenye kiti na kukaa, mara kumi, bila kutumia mikono, hakuhitaji mfadhili.

Kumbukeni akina nyanya wa Korogocho ambao wamekuwa wakikutana kujifunza kujilinda dhidi ya wabakaji, wakirusha ngumi na kupiga kelele kwa sauti ya pamoja. Hakuna sahani inayowaita pale. Wanakuja kwa sababu wana jambo la kufanya pamoja, nalo ni lao. Nadhani mpango wa Binti ulianguka kwa sababu uliweka chakula mbele na shughuli nyuma.

#17 MhudumuWaMathare

Kocha, hoja yako nzuri, lakini mzee ambaye hajala tangu jana usimwinue kwenye kiti mara kumi. Nimewahi kumshika mmoja akianguka.

#18 MamaWaWatatu

Wanangu hula shuleni kupitia Dishi na County, mpango wa kaunti ulioanza 2023, mzazi akilipa shilingi 5 kwa mlo na mtoto akigusisha bangili yake kwenye kifaa anapopokea chakula. Majiko yamejengwa, wapishi wapo, magari yapo. Kwa nini wazee wasilishwe kutoka majiko hayo hayo? Na mzee akivaa bangili hiyo, haya za Mzee Fundi zitapungua, kwa sababu atakuwa amelipa, hata kama ni shilingi 5.

#19 KaraniWaKata

Wazo hilo lina nguvu, ila fungu la bajeti ni la shule, na halihamishwi bila bunge la kaunti. Anayetaka kuongoza hapa lazima ajue njia ya kuelekea kwa mwakilishi wadi wake, mapema, kabla makadirio ya bajeti hayajasomwa.

#20 Lishe_Dagoretti

Pia chakula hicho kimepangiwa mtoto anayekua, mwenye meno yote. Kitahitaji kupikwa hadi kilainike, na chumvi ipunguzwe. Inawezekana, lakini isichukuliwe kama ilivyo.

#21 BintiWaShauriMoyo

Nimerudi baada ya siku tano. Kati ya wale 51 nimewapata 30, wengine kwa simu, wengine kwa kubisha hodi. Nayaandika niliyoyasikia kama yalivyo.

Tisa wamerudi ushago. Wanne wamefariki, na katika daftari letu mmoja wao ameandikwa "hayupo" mara kumi na moja mfululizo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sita wanalea wajukuu. Walituomba ruhusa ya kuja na watoto, mwenyekiti akakataa kwa sababu bajeti ni ya wazee, na Mhudumu alikuwa sahihi juu ya mifuko. Watano walisema saa zetu ziligongana na mambo yao: wawili ni swala ya adhuhuri, watatu ni kliniki ya presha na sukari, ambayo huanguka Jumatano. Watatu walisema githeri iliwashinda. Mzee mmoja alisema maneno yanayofanana sana na ya Mzee Fundi. Mmoja alisema alitaka mazoezi bila chakula, na akaambiwa hairuhusiwi. Kuhusu wiki za malipo, MleziWaMama, nimetazama daftari: walipungua kweli katika baadhi ya wiki hizo, na katika nyingine walizidi.

Aliyebaki ni cucu wa miaka 81, na jibu lake sijui niliweke wapi. Alisema aliacha wiki ile mpishi wa kwanza alipoondolewa. Nilimuuliza kama chakula kilibadilika. Akasema chakula kilikuwa kile kile, ila yule mpishi alikuwa akimwita kwa jina la baba yake, akimwekea maharagwe yaliyopondwa bila kuombwa, na asipoonekana siku mbili, alimtuma mtoto aende kumtazama. Mpishi yule tulimwondoa kwa sababu hakuwa na cheti, na nilitia sahihi barua hiyo.

#22 KaraniWaKata

Cheti cha afya cha mpishi ni takwa la sheria, Binti. Usijilaumu kwa hilo, mngemsaidia akipate.

#23 MjukuuWaGuka

Mtu mmoja mwema si mfumo. Akiugua yeye, nani atamtuma mtoto?

#24 MhudumuWaMathare

Na mfumo usiomtuma mtoto uliandika "hayupo" mara kumi na moja. Nasema hivi kwa upendo, Binti, kwa sababu wewe ndiye uliyetuonyesha daftari.

#25 Lishe_Dagoretti

Alikuwa akiponda maharagwe kwa ajili ya asiye na meno bila kuambiwa na mtu. Ningependa kujua alijifunza wapi. Je, aliyaloweka usiku? Aliweka chumvi kabla au baada ya kuiva?

#26 FundiMstaafu_Jericho

Mimi naona mngemuuliza mwenyewe. Yuko wapi sasa?

#27 BintiWaShauriMoyo

Anauza uji wa wimbi karibu na stendi ya matatu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nimempita mara nyingi bila kumwamkia, kwa sababu ya ile barua. Kesho nitashuka hapo kabla ya kwenda kazini, na nitabeba maswali ya dada mtaalamu yakiwa yameandikwa. Jibu kwa mfadhili linatakiwa Ijumaa.

#28 FundiMstaafu_Jericho

Nenda na kikombe chako, binti yangu, na umlipe kwanza. Ukimaliza kunywa ndipo uanze kuuliza.